Tupeane uzoefu: unyevu, kuvu na hewa nzito ndani ya nyumba msimu wa masika

Mleta mada
Wadau wa Pwani, salaam. Masika yakiingia, kuta zinaota kuvu, viatu vinafanya utando kabatini, godoro linanuka. Uzi huu ni wa mafundi na wenye nyumba waliokwisha kulimaliza tatizo. Leteni vipimo na sababu. Naanza na jambo moja: maji huingia ndani kwa njia tatu. Yapo yanayopita ukutani kutoka ardhini au paani, yapo yanayokuja na hewa ya nje, na yapo tunayoyazalisha wenyewe kwa kupika, kuoga na kuanika nguo ndani. Ukipaka rangi kabla ya kujua yako ni yapi, umetupa pesa.

Fundi ujenzi, Tanga
Mkuu, kujua ni rahisi. Chukua nailoni ngumu ya futi mbili kwa mbili, ibandike kwenye doa kwa selotepu pana pande zote nne pasipite hewa. Iache siku mbili. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa unaotua kwenye ukuta wa baridi.

Maji ya ardhini yana alama zake: doa linaanzia chini, linaishia kwenye mstari ulionyooka, mara nyingi chini ya mita moja, rangi inavimba na chini yake kuna unga mweupe wa chumvi. Ama DPC (tabaka la kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani) haikuwekwa, ama ilirukwa. Kurukwa ndiko kunakosahaulika. Mwenye nyumba anamwaga kifusi au zege la baraza nje mpaka linapita usawa wa DPC, na maji yanapata daraja. Chimba ushushe ardhi ya nje mpaka iwe angalau sm 15 chini ya DPC. Ndani, bandua plasta mpaka sm 30 juu ya mstari wa doa. Chumvi ipigwe brashi kavu na kuzolewa. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ukutani. Kisha subiri. Ukuta hukauka polepole sana, takriban mwezi kwa kila inchi ya unene, na hapa ndipo wengi wanakosa subira. Plasta mpya isipigwe kwa mchanga wa ufukweni, maana chumvi yake huvuta maji hewani hata kiangazi.

Na tafadhali, msifunike doa kwa vigae au rangi ya mafuta. Maji hayakauki, yanapanda juu ya kigae na kutokea pengine.

Mwenye nyumba, Mji Mkongwe
Assalaam alaykum. Niongeze kwa nyumba za mawe ya matumbawe. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, na chokaa huruhusu ukuta kunywa maji na kuyatoa. Ukipiga lipu ya saruji, maji yanafungiwa ndani, mawe yanalegea, na zile ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza kimyakimya huku lipu kwa nje inaonekana nzima. Rudisheni lipu ya chokaa na rangi ya chokaa. Mwenye boriti zinazotoa unga kwenye ncha amwite fundi kabla ya mvua.

Fundi AC, Dar
Upande wangu makosa ni mawili. La kwanza ni kununua AC kubwa kupita chumba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatoshwa na AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Ukifunga 18,000, inapoza haraka, kompresa inazima kabla haijakamua maji ya kutosha, na unabaki na chumba cha baridi chenye unyevu ule ule. Kuvu hupenda hali hiyo.

La pili ni kuweka AC nyuzi 18. Hewa ya Dar ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 25 hivi kinatoa jasho. Ndiyo maana ukuta wa chumba cha AC hulowa upande wa pili, koridoni, na watu wanamlaumu fundi bomba. Weka 25 au 26, washa feni ya dari. Siku ya mvua isiyo na joto tumia alama ya tone la maji kwenye rimoti, kazi yake ni kukausha.

Chujio lioshwe kila wiki mbili, likauke kivulini. Bomba la kutoa maji ya AC lishuke angalau sm 1 kila mita, mdomo wake usizame kwenye ndoo, na usidondokee ukutani. Madoa mengi ya ghorofani ninayoitiwa ni bomba hilo tu.

Mdau
Wakuu, kufungua madirisha mchana hakutoshi?

Fundi AC, Dar
Kunatosha kama huna AC na una madirisha pande mbili zinazotazamana. Ukiwasha AC, funga. Hewa ya saa nane mchana inaonekana kavu kwenye kipimo kwa sababu ina joto, lakini maji iliyobeba ni karibu yale yale ya alfajiri. Ikiingia chumba cha baridi inayamwaga.

Mama wa jikoni, Mombasa
Jamani, gesi nayo ni maji. Kilo moja ikiungua inatoa mvuke sawa na kama lita moja na nusu ya maji, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unakuachia lita 9 hivi jikoni, bado mvuke wa sufuria. Funika sufuria, fungua dirisha, funga mlango wa kwenda vyumbani. Bafuni feni ya kutoa hewa iendelee dakika 20 baada ya kuoga, na mlango uwe na upenyo chini, la sivyo feni haina hewa ya kuvuta.

Jiko la mkaa lisilale ndani hata usiku mmoja, hata likionekana limezima. Gesi yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Fundi rangi, Bagamoyo
Kuvu iliyokwisha ota: vaa barakoa na glavu, lowesha kwanza ili vumbi lake lisiruke, sugua kwa maji na sabuni, kausha kwa feni. Jik kwenye plasta hufuta rangi nyeusi tu, mizizi inabaki. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa klorini, gesi ya sumu. Jipsam iliyoota kuvu ikatwe itupwe, haisafishiki.

Mdau
Na kipima unyevu cha bei rahisi, tukiamini?

Fundi AC, Dar
Kipime kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji iwe kama uji mzito, tia pamoja na kipimo kwenye mfuko uliofungwa kabisa. Kesho yake kisome asilimia 75. Kikisoma 70, ongeza 5 kila unaposoma. Ndani ya nyumba lenga kati ya asilimia 40 na 60. Kabati liwe sm 10 kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje, na kipimo ukiweke nyuma yake, si mezani. Pale nyuma ndipo kuvu huanzia.