Prudential au Aviva: historia ipi inaeleza vizuri zaidi bima ya Uingereza?

Mtafiti wa Biashara: Ndugu wanajukwaa, ninaandaa somo la historia ya bima nchini Uingereza, na muda unaniruhusu kufuatilia kampuni moja tu. Prudential ilianzishwa London mwaka 1848. Jina la Aviva ni la mwaka 2002, lakini ndani yake imo Norwich Union ya mwaka 1797, na hata Hand in Hand ya mwaka 1696. Mngenishauri ipi?

Karani Mstaafu: Prudential. Iliyoikuza ni biashara iliyoianza mwaka 1854, ya kuwauzia wafanyakazi wa kipato cha chini bima ya maisha kwa malipo ya kuanzia peni moja kwa wiki, yaliyokusanywa na mawakala waliopita nyumba kwa nyumba. Watu walilipa ili jamaa yao asije akazikwa kwa fedha za msaada wa masikini, aibu iliyoogopwa mno.

Bint Hisabu: Kwa heshima zote, Ndugu Karani, Aviva inaonyesha vyema zaidi chanzo cha kampuni hizi. Tarehe 22 Juni 1861 maghala ya Tooley Street, kando ya mto Thames, yaliteketea, na mkuu wa kikosi cha zimamoto cha London, James Braidwood, akafia humo. Kampuni zilizolemewa na fidia zilipandisha ada kwa kiwango kilichowaudhi wafanyabiashara, hata wakaunda yao mwaka uleule: Commercial Union. Hiyo iliungana na General Accident mwaka 1998, kisha na Norwich Union mwaka 2000, na ndiyo Aviva ya leo.

Karani Mstaafu: Kisa hicho ni kizito, Dada, ila ni cha wenye maghala. Mwaka 1864 Gladstone, akiwa waziri wa fedha, alipitisha sheria ya kuiwezesha Posta kuuza bima ndogo za maisha, kwa kuwa familia nyingi zilishindwa kuendelea kulipa na kupoteza kila kitu. Mpango wa Posta haukushika, kwa sababu kubwa kwamba haukuwa na wakala wa kubisha hodi kila wiki.

Mtafiti wa Biashara: Hoja ya Posta imeniamulia. Nitaifuata Prudential hadi mwaka 2014 ilipoingia Kenya, na 2019 ilipoitenga kampuni yake ya uwekezaji, M&G pamoja na biashara yake ya Uingereza.