Vizuizi vya mwisho wa reli kwa skeli ya OO: vya plastiki, vya chuma laini, au nijitengenezee?

Mataruma34
Wakuu, habari za jioni. Najenga stesheni ndogo ya mfano, ya mwisho wa tawi, mtindo wa kampuni ya reli ya Great Western ya Uingereza miaka ya 1930, skeli ya OO (1:76), upana kati ya reli mm 16.5. Nina njia nne zinazokwishia hapo: ya abiria kwenye jukwaa, ya ghala la mizigo, ya makaa ya mawe, na kipande cha kuegeshea injini. Zote hazina kizuizi bado, na juzi mpwa wangu kasukuma behewa la makaa likaenda mpaka sakafuni.

Nimeona vya plastiki vya Peco, watengenezaji wa reli za mfano: kuna cha reli na cha mataruma (mbao zinazolazwa chini ya reli). Kuna seti za chuma laini (aloi inayoyeyuka kwa joto dogo) za kuunganisha mwenyewe, zinazofuata umbo la kampuni moja moja. Kuna jamaa ana printa ya rezini. Na kuna kujitengenezea. Nichukue ipi?

FundiLehemu
Mkuu, usichukue moja kwa njia zote nne, hapo ndipo stesheni nyingi za mfano zinapopoteza ladha. Reli za zamani hazikufanya hivyo. Kwenye jukwaa la abiria walijenga kitu cha heshima: reli zilizopindwa kuwa miguu na mihimili, boriti nzito ya mbao mbele, mara nyingi imepakwa nyekundu, na taa nyekundu juu yake. Kule kwenye makaa walitumia walichokuwa nacho, yaani mataruma ya zamani yaliyosimamishwa kuwa sanduku, ndani wakajaza udongo na kokoto. Nyasi zinaota juu. Hakuna taa, hakuna rangi.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi: abiria, seti ya chuma ya Great Western. Makaa, sanduku la mataruma, na hilo jitengenezee. Ghala na injini, Peco cha reli kinatosha ukikifanyia kazi kidogo.

Kijana_wa_Shanting
Mnamzungusha bure. Nunua vinne vya plastiki, bandika, endelea na majengo. Nani anaangalia mwisho wa reli?

Bi Stesheni
@Kijana_wa_Shanting kila mtu anaangalia. Treni inaingia, inasimama, na jicho linatua palepale inaposimama.

Plastiki si mbaya, ila miguu yake ni minene kwa sababu ya kalibu. Chukua tupa nyembamba upunguze kingo za reli, kisha ng'oa boriti uweke ya mbao halisi. Kwa lile sanduku, vipimo ni hivi: taruma la Uingereza la wakati huo lilikuwa na urefu wa futi 8 na inchi 6, upana inchi 10, unene inchi 5. Kwa OO inakuja mm 34 kwa 3.3 kwa 1.7. Vijiti vya kukorogea kahawa vina unene unaokaribia kabisa huo, unavipasua upana kwa wembe tu. Usivikate vyote sawasawa. Mataruma yaliyotupwa yalikuwa yameoza ncha, mengine yamepasuka. Piga msasa kona moja, acha nyingine.

Geji ya Mita
Kabla hajabandika chuma chochote: SHOTI. Reli zote mbili zina umeme, na kizuizi cha chuma kinaziunganisha. Ukiwasha tu, kontrola inakata.

Dawa yake ni kukata reli zote mbili, ila angalia unakata wapi. Ukikata mbali na kizuizi, gurudumu la chuma linaziba pengo na shoti inarudi. Kata karibu kabisa na miguu ya kizuizi, pale ambapo gurudumu halifiki kwa sababu bafa za behewa (zile pedi za kupokea mgongano) zinagusa boriti kwanza. Halafu jaza pengo kwa kipande cha plastiki na supaglu, sugua kwa tupa mpaka kilingane na reli. Ukiacha pengo wazi, siku ya joto kali reli inatanuka, pengo linajifunga lenyewe.

Na zile seti za chuma laini usizishike na pasi ya kawaida ya kulehemu, zitayeyuka mkononi. Kuna lihamu inayoyeyuka kwa nyuzi 70 kwa kazi hiyo. Kama huna, epoksi.

Kijana_wa_Shanting
Sawa nimesalimu amri. Ila kwa nini asiweke vile vya haidroliki, vyenye pistoni ndefu? Vinavutia sana.

FundiLehemu
Hivyo vilikuwa vya stesheni kubwa za mijini, kampuni kama Ransomes & Rapier ya Ipswich ndiyo iliyovitengeneza. Tawi lenye injini moja ya tangi na mabehewa mawili halina kazi navyo. Ingawa wakubwa nao walipata yao: 22 Oktoba 1895 pale Montparnasse, Paris, treni kutoka Granville ilipita kizuizi, ikatoboa ukuta wa stesheni na injini ikaangukia barabarani chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa huko chini alifariki.

Voi Junction
Naomba niingie kidogo. Mimi natengeneza reli ya mfano ya Kenya na Uganda, HOm (skeli ya reli za geji ya mita), upana kati ya reli mm 12. Hizi seti za Uingereza zinanifaa?

Geji ya Mita
Miguu ya reli na sanduku la mataruma, ndiyo, umbo ni lilelile. Lakini mabehewa yetu ya geji ya mita yanashikana na kugongana katikati, hayana bafa mbili za pembeni. Kwa hiyo boriti yako iwe na pedi moja katikati. Kiunganishi chenyewe nenda kakipime Makumbusho ya Reli Nairobi, mabehewa na injini zipo, hata injini ya mvuke ya Garratt, 5918 Mount Gelai, ipo pale. Usikisie urefu kutoka juu ya reli.

Mataruma34
Asanteni sana wakuu. Nimeagiza seti moja ya chuma na Peco viwili, sanduku naanza kesho. Rezini nimeiacha, naona miguu myembamba haitavumilia mpwa. Swali la mwisho: boriti ikae juu kiasi gani kutoka kwenye reli, na iwe rangi gani?

Bi Stesheni
Katikati ya bafa iwe kama mm 14 juu ya reli, na kutoka katikati ya bafa moja hadi nyingine mm 23. Hakikisha kwa behewa lenyewe kabla gundi haijakauka, maana watengenezaji hawalingani. Cha abiria boriti nyekundu iliyofifia, isiwe ya kung'aa. Reli za miguu kahawia ya kutu, lakini usitumie ile ya machungwa. Changanya na nyeusi kidogo.