Mdogo wangu kapata chuo, ada 1,400,000 na mimi nina laki 6 tu, naombeni ushauri

Dada wa Mbalizi:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mdogo wangu kamaliza form four, kapata diploma ya utabibu chuo cha binafsi Morogoro, miaka 3. Baba alishafariki, mama analima viazi, mimi nauza chakula hapa Mbalizi. Ada 1,400,000 kwa mwaka, hosteli mbali, bima 50,400 mbali, halafu fomu ya kujiunga inataka rimu 2, ndoo, fagio la chelewa, makoti meupe mawili, stetoskopu na mashine ya presha, niliisoma nikakaa chini. Mama anataka tuuze kipande cha shamba ila mimi roho inagoma, tukiuza sasa hivi mwaka wa pili tutauza nini?

Kota9:
Dada shamba msiuze. Mpigie mhasibu wa chuo kabla dogo hajaripoti, vyuo vingi vya binafsi vinapokea ada kwa awamu, wewe uliza tu. Na hela ipite benki, mwaka wangu wa kwanza nilimpa mtu wa ofisini laki 3 mkononi bila risiti, kufika mitihani naambiwa nadaiwa, nililia sana.

Binti Tabibu:
Niko mwaka wa 3 kozi hiyohiyo. Usinunue vyote hivyo saa hizi!! Mashine ya presha sisi tulichanga watatu, stetoskopu nilinunua kwa dada aliyekuwa anamaliza, koti nilishonesha kwa fundi. Hosteli nayo aachane nayo, atafute mwenzake wapange geto wapike wenyewe, unga na maharage atoke navyo nyumbani.

Mzee wa Viazi:
Mwanangu, Bodi ya Mikopo tangu 2023/2024 inakopesha na wa diploma, ila sio kila kozi ya afya imo kwahiyo someni kwanza mwongozo wa mwaka huu ndio mtoe 30,000 ya maombi. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vihakikiwe RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo) mapema, na majina yafanane na ya cheti cha form four, mjukuu wangu alikwama kwa herufi moja tu. Akipata ajue ni deni, akiajiriwa anakatwa 15% ya mshahara.

Fundi Uyole:
Mimi naona aende VETA, kutwa ni 60,000 kwa mwaka, ufundi unalipa.

Dada wa Mbalizi:
Asanteni sana jamani. Fundi nimekuelewa, ila huyu ndiye alikuwa analala na baba wodini mpaka mwisho, tangu hapo anataka utabibu tu, siwezi kumtoa huko. Mhasibu nimempigia, wanapokea awamu 4, ya kwanza 350,000, nimemuomba anitumie kwa maandishi. Mama nimemuonesha hesabu kakubali shamba libaki. Vyeti tunaanza kuhakiki leo jioni. Binti Tabibu, geto la watu wawili huko ni kama shilingi ngapi kwa mwezi, na wanadai kodi ya miezi mingapi?