Mjadala: Kuchimba "siri iliyofichwa" katika kila habari, ni uerevu au tunajipoteza?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili bila matusi. Siku hizi habari ikitoka tu, iwe moto, ajali au kiongozi kuugua, saa haiishi kabla hawajatokea wachambuzi wa "jicho la ndani". Tarehe zinajumlishwa, rangi ya tai inatafsiriwa, picha inavutwa mpaka inabaki vumbi. Halafu inafuata ile kauli: hakuna kinachotokea kwa bahati mbaya.

Nitatoa mfano mmoja. Machi 23, 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama Mfereji wa Suez na kuuziba hadi tarehe 29. Wafuasi wa QAnon, kundi la Marekani linaloamini njama za siri za wakubwa, wakaona kwamba utambulisho wake wa redio ni H3RC. Wakasema hiyo ni HRC, Hillary Rodham Clinton. Ubavuni imeandikwa Evergreen, na Evergreen ndilo jina la kificho ambalo walinzi wa Clinton walimpa. Basi ikatangazwa kwamba ndani ya makontena kuna watoto wanaosafirishwa kuuzwa!

Jamani, H3RC ni kweli. Evergreen ni kweli. Lakini meli hiyo imesajiliwa Panama, na tambulisho za redio za meli hugawiwa kwa nchi. H3 ni mojawapo ya vianzio vya Panama. Yaani ile "3" iliyowatoa watu jasho ni sehemu ya usajili, kama herufi za mwanzo kwenye namba ya gari. Kulijua hilo hakuhitaji usiku mzima.

Kinachoniuma zaidi ni yale yaliyokuwa wazi na hayakupata wachimbaji. Mmiliki yuko Japani, mwendeshaji Taiwan, bendera ya Panama, na melini walikuwemo marubani wawili wa mamlaka ya mfereji. Lakini kwa kanuni za mfereji huo, rubani akiwepo au asiwepo, dhamana ya hasara inabaki kwa nahodha na mwenye meli. Misri ikaishikilia meli hadi Julai 7, ikidai mwanzoni dola milioni 916. Kanuni hiyo ilitungwa kumlinda nani? Hapo palikuwa na kitu cha kuchimba, na hapakuhitaji mafumbo.

Jicho la Tatu:
Nakupinga, mkuu. Umechagua kichaa mmoja ukamfanya mwakilishi wa wote. Zipo nchi ambako kusoma kilichofichwa ndiko kusoma kwenyewe. Novemba 10, 1982 Brezhnev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alifariki. Siku hiyo hakuna aliyetangaziwa kitu, lakini ratiba ya televisheni ilibadilishwa ghafla na burudani ikaondolewa. Wenye masikio wakaelewa kuna mkubwa kaondoka. Tangazo lilikuja kesho yake. China nako, mwaka 1971, gwaride la Oktoba 1 lilifutwa. Waliokuwa wakifuatilia wakajua huko juu kumeharibika. Kumbe Lin Biao, mrithi aliyeteuliwa na kiongozi wa China, Mao, alikwishakufa kwa ajali ya ndege Mongolia tangu Septemba 13.

Usiniambie hayo ni ya zamani. Machi 2024 ilitoka picha ya Kate, mke wa Prince William wa Uingereza, na watoto wake. Watu wakavuta, wakaona ncha ya mkono wa sweta ya binti yake haijakaa sawa. Mashirika ya habari ya AP, Reuters na AFP yakaiondoa picha, na mwenyewe akakiri aliihariri. Sasa aliyekuwa mjinga ni nani? Waliovuta au waliokula kimyakimya?

Mleta mada:
Waliovuta picha walikuwa sahihi kuhusu picha. Lakini hawakuishia hapo, ndugu yangu. Wakasema amekufa, kafichwa, kabadilishwa na mtu mwingine. Machi 22 akajitokeza kwenye video kusema anatibiwa saratani. Ukigundua kwamba picha imeguswa, umegundua kwamba picha imeguswa. Hayo mengine mliongezea wenyewe.

Bibi Hesabu:
Naingilia kidogo. Chukua watu 23 wowote, uwaweke chumba kimoja. Uwezekano kwamba wawili kati yao wana siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu. Wengi hawaamini, kwa sababu kila mtu anafikiria siku yake mwenyewe, anasahau kwamba humo ndani mna jozi 253 za watu. Habari moja ina tarehe, saa, majina, namba za magari, umri, mitaa. Ukiruhusu kila kimoja kilinganishwe na kila kingine duniani, utakosaje kinachofanana? Cha ajabu kingekuwa kukosa.

(Na 23 ndiyo tarehe ambayo meli ya mleta mada ilikwama. Haya, anzeni.)

Kalamu Butu:
Mmeisahau Watergate, kashfa iliyomwangusha Rais Nixon wa Marekani. Juni 17, 1972 wanaume watano walikamatwa wamevunja ofisi za chama cha Democratic, Washington. Msemaji wa Ikulu ya Marekani aliita wizi wa daraja la tatu. Kwenye vitabu vyao vya anwani likakutwa jina la Howard Hunt, na pembeni herufi W.H. Mwaona? Hata huko kulikuwa na herufi za kubahatisha maana.

Mwandishi Bob Woodward alifanya nini nazo? Hakuzijumlisha. Aliinua simu, akapiga White House, yaani Ikulu yenyewe, akamwulizia Bwana Hunt. Opereta akajaribu kumuunganisha! Kwa hiyo alijua, hakukisia tena. Na kama opereta angesema hamjui mtu huyo, Woodward angelazimika kutafuta njia nyingine. Sasa wale wa H3RC, mbona hata baada ya makontena kupakuliwa hawakuiacha hoja yao?

Jicho la Tatu:
Nakubali kwa Watergate. Lakini Woodward alikuwa na gazeti nyuma yake na nchi ambayo opereta anapokea simu. Mtu wa Beijing mwaka 1971 angempigia nani?

Mleta mada:
Hapo umenibana, nakiri. Asingempata wa kumpigia, na kufutwa kwa gwaride kulikuwa dalili ya kweli. Ila rudi uangalie wale waliokuwa wakisoma dalili hiyo kutoka nje. Walijua kuna jambo. Jambo gani, hawakujua, na wapo waliokisia kwamba Mao mwenyewe ndiye mgonjwa au ameshafariki. Miezi michache baadaye, Februari 1972, Mao huyohuyo alikuwa anampa mkono Nixon.