Vazi la sufu la mwaka 1913: walichezaje baleti ndani yake?

FundiWaNgamiani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, naishi London. Kazi yangu ni kurekebisha nguo: kupunguza viuno, kubadili zipu, kushusha pindo.

Mwaka 2010 rafiki yangu alinipeleka makumbusho ya Victoria and Albert, kwenye maonyesho ya mavazi ya kundi la baleti la Diaghilev. Nilitegemea kuona vile visketi vya shashi vinavyosimama kama mwavuli. Hariri na nakshi za kutia kiwi machoni zilikuwapo tele, lakini miguu yangu iligoma mbele ya mavazi ya mchezo mmoja wa mwaka 1913, Le Sacre du printemps, yaani Kafara ya Machipuko. Ni kanzu za sufu, za mikono mirefu. Zimekatwa moja kwa moja, hazina kiuno, hazina mkunjo wa kubana kifua. Ukiwa mbali ungedhani ni kanzu zetu zilizotiwa rangi. Michoro ya pindoni na kifuani nilidhani ni darizi, niliposogea nikaona ni rangi tu iliyopakwa juu ya kitambaa.

Tangu siku hiyo sijaacha kuliwaza jambo hili. Aliyekata nguo ile alikuwa anajua kazi, au alikosea kitambaa? Mtu ataruka vipi ndani ya sufu nzito chini ya taa za jukwaa? Na imekuwaje nguo ya jasho ikadumu miaka yote hiyo wakati blauzi za wateja wangu zinaoza kwapa ndani ya miaka mitatu?

Msufini

Dada, mimi si mtu wa nguo, ila nakumbuka kusoma kwamba usiku wa kwanza wa mchezo huo ukumbi ulichafuka, watu wakapiga kelele mpaka muziki hausikiki. Huenda ni hayo mavazi yaliyowaudhi?

MzeeWaMaleba

Marahaba mwanangu. Umeniamsha. Nimestaafu sasa, lakini zaidi ya miaka ishirini nilifanya kazi kwenye chumba cha maleba cha jumba moja la michezo huku Ulaya, nikipiga pasi, nikirudishia vifungo, nikiwashonea watu nguo mwilini dakika mbili kabla pazia halijafunguliwa. Mavazi ya mchezo huu nayapenda kuliko ya mchezo mwingine wowote, kwa hiyo mnivumilie.

Hakukosea kitambaa. Aliyeyabuni ni Nicholas Roerich, Mrusi, mchoraji aliyekuwa pia akifukua makaburi ya kale na kuchunguza maisha ya Warusi wa kabla ya Ukristo. Mchezo wenyewe unahusu watu hao: kabila linakutana machipuko yanapoanza, mzee wao mwenye hekima anaibusu ardhi, kisha msichana mmoja anachaguliwa acheze mpaka afe, ili dunia iwe na rutuba. Roerich aliyajua mavazi ya wakulima kwa macho na kwa mikono, maana alifanya kazi Talashkino, karibu na Smolensk, ambako Bibi Tenisheva alikuwa na mkusanyo mkubwa wa nguo na nakshi za vijijini. Mtu wa namna hiyo hawezi kumvika mwanakijiji wa kale shashi na lulu.

Sasa kuhusu kuruka. Swali lako linachukulia kwamba walicheza baleti tunayoijua, ya kunyoosha mguu na kuelea. Nijinsky, aliyetunga uchezaji, aliyapindua yote. Vidole vya miguu vilielekezwa ndani, magoti yamekunjwa, vichwa vimeinamishwa upande, ngumi zimefumbwa. Waliruka, ndiyo, tena sana, lakini wakatua kwa uzito wa mwili mzima kama wanaotwanga ardhi. Kwa uchezaji huo shashi ingepepea na kuharibu kila kitu. Sufu inaning'inia, mtu akitua inatua naye. Kiuno hakionekani, kifua hakionekani, anabaki kama gogo lenye rangi. Watu arobaini na zaidi wakipiga mguu pamoja, unaona kabila, humwoni fulani wala fulani. Mimi nasema huyo ni mkataji aliyeelewa uchezaji kuliko watazamaji wengi.

Joto walilipata, hilo halina ubishi. Sufu, soksi nzito, viatu vya kufunga kwa kamba, wanaume na madevu ya bandia, wanawake na misuko mirefu ya bandia. Nimewavisha wachezaji nguo nyepesi kuliko hizo nikazikamua baada ya onyesho.

Na ile rangi, macho yako yaliona sawa. Walitumia violezo: unakata umbo kwenye karatasi ngumu, unaiweka juu ya kitambaa, unapaka. Kudarizi nguo za kundi zima kungewala mafundi miezi, na mtu aliyekaa ghorofa ya tatu asingeitambua sindano hata moja. Duara kubwa jekundu analiona.

Msufini, vurugu zilikuwa Paris tarehe 29 Mei 1913, Théâtre des Champs-Élysées, jumba lililokuwa jipya kabisa. Waliokuwapo kila mmoja alisimulia yake. Muziki wa Stravinsky ulichangia, uchezaji ulichangia, na mavazi pia, kwa maana waliolipa kutazama viuno na mapaja waliletewa magunia. Marie Rambert, aliyemsaidia Nijinsky kuwafundisha wachezaji hesabu za muziki, alisimulia kwamba wasichana walipoweka mikono mashavuni huku wakitetemeka, watu waliita daktari, wengine wakaita daktari wa meno. Nijinsky alisimama juu ya kiti nyuma ya pazia la pembeni akiwapigia wachezaji hesabu kwa sauti, kwa sababu hawakuweza kusikia okestra. Pierre Monteux akaendelea kuongoza muziki mpaka mwisho. Hapo ndipo ninapowaonea huruma wale wachezaji: jasho linatiririka ndani ya sufu, ukumbi unawazomea, na mazoezi yalikuwa zaidi ya mia moja.

BiKisutu

Mzee umelisahau swali la mwisho la dada: zimedumu vipi?

MzeeWaMaleba

Sikulisahau, nilikwenda kunywa chai.

Zimedumu kwa sababu hazikuchezwa sana. Maonyesho ya Nijinsky hayakufika kumi: machache Paris, na matatu London mwezi Julai mwaka uleule. Septemba Nijinsky akaoa huko Buenos Aires, Diaghilev akakasirika na kumfukuza, na uchezaji wake ukawekwa kando. Mwaka 1920 Massine alitunga uchezaji mwingine kwa muziki uleule, na nguo za Roerich zikatolewa tena masandukuni. Hata hivyo, linganisha na mchezo unaochezwa kila wiki miaka kumi mfululizo. Nguo za michezo iliyopendwa ndizo zilizochakaa, zikabanduliwa vifungo, zikashonewa viraka, zikaisha. Jasho ndilo adui, mwanangu, wewe unalijua kwenye kwapa za wateja wako.

Diaghilev alifariki Venice mwaka 1929. Mali ya kundi ikapita mikono kadhaa, mingi ikaishia kwa kundi la Kanali de Basil, naye alipofariki mwaka 1951 masanduku yakabaki ghalani Montrouge, pembeni ya Paris. Kati ya 1967 na 1973 kampuni ya mnada ya Sotheby's ikayanadi London. Kwenye mnada wa 1968 vijana wa shule ya baleti walivaa baadhi ya mavazi wakasimama nayo jukwaani mbele ya wanunuzi. Pazia kubwa la Le Train bleu, mchezo mwingine wa kundi la Diaghilev, lenye picha ya Picasso, lilikwenda kwa pauni 69,000. Mavazi mengi yalibaki London, mengine yakanunuliwa na jumba la sanaa la taifa la Australia, Canberra.

Bila masanduku yale tusingeuona tena uchezaji wa Nijinsky. Millicent Hodson na Kenneth Archer walipoufufua kwa ajili ya kundi la baleti la Marekani, Joffrey Ballet, mwaka 1987, uchezaji wenyewe haukuwa umerekodiwa. Walikuwa na maandishi ya Rambert, michoro ya Valentine Gross aliyechora akiwa ukumbini, na nguo. Nguo inakuambia mkono ulifika wapi na mguu ulipanuka kiasi gani. Niliwahi kushika vazi la kale ambalo ndani ya kola lilikuwa na majina matatu kwa wino, kila jina limefutwa kwa mstari isipokuwa la mwisho. Nililia, na sioni aibu kulisema.

FundiWaNgamiani

Ahsante sana mzee, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara mbili na mume wangu nimemsomea. Nilikuwa nimekwama kwenye fikra kwamba nguo nzuri lazima ionyeshe umbo la mwili.

Nimeamua kushona moja, ya kwangu mwenyewe, nijue inavyoning'inia. Nitaikata kwa njia ya kanzu, na taharizi na vikwapa, yaani vipande vya ubavuni na kwapani, ili mkono uinuke bila kuvuta mwili. Nina mita nne za sufu nyeupe nilizonunua kwa duka lililokuwa linafungwa. Nianze kupaka kabla ya kushona au baada?

MzeeWaMaleba

Kata kwanza, paka vipande vikiwa vimelazwa mezani, ndipo ushone. Ukipaka baada ya kushona kiolezo kitapanda juu ya mshono na rangi itavuja pembeni. Ila kabla ya mkasi, iloweke sufu yote maji ya vuguvugu uikaushe kivulini, irudi inavyotaka kurudi. Mshono wa begani upige bandi tu, yaani mshono wa muda, mara ya kwanza. Livae, ruka mara ishirini, ndipo ulipitishe cherehani. Na utuletee picha hapa.