Kocha mkubwa akihama ligi: Nabi alishindwa, au sisi ndio tulimpima vibaya?

Mleta mada

Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa. Swali ni hili: kocha aliyetamba kwenye ligi moja akihamia nyingine, anaweza kuizoea? Mwenzetu mmoja alijibu kwa maneno manne, "kocha ni kocha tu," akaagiza kashata. Sikuridhika, ndiyo maana nimeleta huku.

Tumchukue Nasreddine Nabi, maana huyu tumemwona kwa macho yetu. Msimu wa 2021/22 aliipa Yanga ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi. Wa 2022/23 akarudia, na ule mwendo wa mechi 49 bila kufungwa ukaja kukatwa na Ihefu, 2-1, kule Mbarali. Mwaka 2023 akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Jumla ya mabao ilikuwa 2-2, USM Alger wa Algeria wakabeba kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Alivyoondoka, kuna watu walinuna wiki nzima.

Akaenda FAR Rabat ya Morocco, akamaliza ligi wa pili, pointi moja nyuma ya Raja ambayo haikufungwa msimu mzima. Julai 2024 akatua Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Chiefs walikuwa wametoka kumaliza nafasi ya 10. Nabi akawapeleka nafasi ya 9. Ya tisa, jamani! Lakini msimu huohuo, Mei 2025 pale Durban, akawafunga Orlando Pirates 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Nedbank na kuwapa Chiefs kombe lao la kwanza tangu 2015. Oktoba 2025 wakaachana.

Sasa nambieni: aliizoea Afrika Kusini au hakuizoea?

Mimi naona tunachanganya mambo mawili. Kuna kuzoea mechi na kuna kuzoea ligi. Kocha mgeni mwenye akili huizoea mechi haraka. Mpe wiki moja, mpe mpinzani mmoja, mpe video, atakuja na mpango. Ligi ni kitu kingine. Ni kusafiri, kucheza katikati ya wiki, kukutana na timu isiyo na jina inayokukamia kama fainali, kumjua mchezaji yupi ukimpumzisha atanuna na yupi atakushukuru. Hayo hayapo kwenye video.

Na si Nabi peke yake. Pitso Mosimane alitoka Sundowns ya Afrika Kusini na mataji matano ya ligi, akaenda Al Ahly ya Misri mwishoni mwa Septemba 2020. Haikupita miezi miwili akawa bingwa wa Afrika kwa kumfunga Zamalek, tena kwenye fainali! Julai 2021 akatetea. Ila ligi ya Misri ya 2020/21 ilikwenda kwa Zamalek huyohuyo. Ule ubingwa wa ligi wa kabla yake ulishamalizwa na René Weiler, kocha aliyemtangulia. Kwa hiyo Afrika nzima aliimudu, na bado ligi ya pale mtaani ilimponyoka. Nipingeni.

Mwana Jangwani

Nakupinga, mkuu. Unamzungusha kocha kama karata, wachezaji umewaacha wapi? Nabi wa Yanga alikuwa na Diarra golini, Bangala, Aziz Ki, Mayele. Nabi wa Chiefs alikuwa na nani?

Nitakukumbusha kitu. Julai 28, 2024, Yanga ya Gamondi, kocha aliyemrithi Nabi, ilikwenda Bloemfontein kucheza na Chiefs ya Nabi, Kombe la Toyota. Nilikuwa kibanda umiza, tumejazana mpaka wengine wamekalia ndoo. Mbele yangu kuna jamaa kavaa jezi ya Yanga ya msimu wa Nabi, yenye rangi imeshapauka mgongoni. Bao la kwanza alishangilia. La pili alipiga makofi. La tatu akakaa. La nne, nikamsikia anasema taratibu, "Sasa hii inatosha, ni mzee wetu yule." 4-0. Unadhani kocha alikuwa amesahau mpira ndani ya mwaka mmoja? Alikuwa upande wenye timu mbovu, basi.

Msimbazi Damu

Wewe wa Jangwani hata ukiletwa mada ya kilimo utaweka ile 4-0.

Kuhusu Pitso, tuache kumwonea. Februari 23, 2021 alikuja uwanja wa Mkapa na bingwa wa Afrika, Luis Miquissone wa Simba yetu akamfunga, 1-0, na kundi tukaongoza sisi. Angalia alikuwa anatoka wapi: Kombe la Dunia la Klabu, mwezi huohuo, amechukua shaba kwa kuitoa Palmeiras kwa penalti. Halafu anarudi nyumbani ana viporo vya ligi, mechi zilizoahirishwa, vimerundikana. Zamalek wao kwenye makundi ya Afrika waliishia hapohapo. Ukimwambia mtu acheze huku na huku, ligi lazima ichechemee. Hiyo ni ratiba, mleta mada, usiiite "kuzoea".

Mzee wa Ngara

Salaam kutoka Nairobi. Mbona mnazunguka na mfano mkubwa kuliko wote uko mezani? Guardiola, Man City, 2016/17. Nakumbuka ile mechi ya Leicester, Desemba, 4-2. Baada ya mechi anaulizwa kuhusu kugombea mipira, anajibu kwamba yeye si kocha wa kufundisha kukaba kwa kuteleza. Huku kwetu tulicheka sana. Tukasema Uingereza imemshinda, arudi Uhispania akapige pasi zake.

Alimaliza wa 3, pointi 78. Msimu uliofuata, pointi 100.

Na mleta mada, nadharia yako inaanguka hapa. Wewe unasema mgeni huwahi kombe kabla ya ligi. Pep msimu wa kwanza hakupata kombe lolote. Hata moja.

Mleta mada

Mzee wa Ngara, hapo umenibana, nakubali. Nilivutwa na mifano miwili nikaifanya sheria.

Ila angalia kilichotokea kati ya zile pointi 78 na 100. Mabeki wa pembeni wanne, Zabaleta, Sagna, Clichy na Kolarov, waliondoka wote. Wakaingia Walker, Mendy na Danilo, na golini akaja Ederson. Pep hakuanza kufundisha kuteleza. Alibadilishiwa watu mpaka ligi ikawa inacheza anavyotaka yeye. Sasa huko ni kuzoea, au ni kuihamisha ligi ikufuate? Makocha wangapi wanapewa hiyo hundi?

Msimbazi Damu, la ratiba nalipokea nusu. Al Ahly haijaanza kubanwa na ratiba alipokuja Pitso. Kuishi na viporo ndiyo ligi yenyewe ya pale. Kocha anayeijua klabu anajua mechi ipi atoe kikosi cha pili bila kupoteza pointi tatu. Mgeni anajifunza kwa kupoteza.

Mwana Jangwani, wachezaji ni kweli. Lakini kikosi hichohicho kibovu kiliwafunga Pirates fainali. Ubovu ulikwenda wapi siku ile?

Mkulima wa Ubaruku

Nawasoma tu tangu asubuhi. Mimi nilikuwepo uwanjani siku Ihefu inamfunga Nabi. Watu waliacha majaruba ya mpunga, pikipiki zimepangwa mpaka barabarani. Yanga walitangulia kufunga. Kilichofuata mnakijua.

Hoja yangu: mleta mada anasema mgeni anashindwa na ligi kwa sababu ya safari, viwanja na timu zinazokamia. Basi Nabi alizipitaje mechi 49 kwenye viwanja hivi hivi vyetu? Alikuwa mgeni hapa pia. Hakuwa na ujomba na mtu Mbeya.

Mleta mada

Swali zuri kuliko langu, kaka.

Nimerudi kuangalia. Nabi hakuanza na zile 49. Alikuja Aprili 2021, msimu uko ukingoni. Mechi yake ya kwanza Azam wakamfunga 1-0, bao la Prince Dube (huyohuyo aliyekuja kumfunga tena Bloemfontein akiwa na jezi ya Yanga, dunia hii!). Ubingwa ukaenda Simba. Julai akacheza fainali ya FA Kigoma, Simba tena, 1-0. Alikuwa na miezi mitatu ya kujifunza bila mtu kumhesabia, maana lawama zote zilikuwa za waliomtangulia. Msimu ulipoanza upya alishajua anacheza na nani. Chiefs alianza kuhesabiwa tangu ile 4-0, hata ligi haijaanza.

Mwana Jangwani

Sawa, lakini hujamaliza. Waliokabidhiwa Chiefs baada yake ni Khalil Ben Youssef na Cédric Kaze, wasaidizi wake mwenyewe. Kaze huyu tulikuwa naye Yanga, kwanza kama kocha mkuu, kisha chini ya Nabi. Benchi ni lilelile, wachezaji ni walewale, kapungua mmoja. Wakimaliza juu ya nafasi ya 9, utakuja hapa useme nini?