Uji wa pumba, lusini ya kulowekwa au shayiri ya kuchemsha: farasi akitoka kazini mnampa nini?

Mpanda_Mlima: Wadau, habari za jioni. Nahitaji ushauri kabla ya Ijumaa, maana ndiyo siku gari la chakula linapanda huku Nanyuki. Nina farasi, na akirudi kutoka safari ndefu nataka kumpa kitu cha vuguvugu, tumbo lilainike na nguvu zirudi. Nachagua kati ya pumba za ngano zilizomwagiwa maji moto, tembe za lusini (majani ya malisho yaliyokaushwa na kushindiliwa) za kulowekwa, au shayiri iliyochemshwa na mbegu za kitani. Pumba ndizo nafuu. Nichukue gunia la nini?

SaisiMkongwe: Pumba, usihangaike. Sisi Ngong farasi akitoka kwenye mbio alikuwa anapewa ndoo ya pumba: maji moto, chumvi, molasi kidogo, unakoroga halafu unafunika kwa gunia mvuke uingie mpaka chini. Kabla ya kumpa, zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Ukishindwa kuuacha humo, bado ni moto. Nimeona farasi waliogomea nyasi na nafaka jioni ya mbio wakailamba hiyo ndoo hadi ikang'aa.

DaktariWaKwato: Mleta mada, umri? Uzito? Meno yamekaguliwa lini? Anakula nyasi gani, nafaka kiasi gani, na safari ndefu kwako ni saa ngapi? Bila hayo tunabahatisha tu.

Mpanda_Mlima: Ni dume aliyehasiwa, zamani alikuwa wa mbio. Nyasi ni za Rhodes. Safari ni za wikendi.

BintiUsaRiver: Umri na meno bado, kaka. Na hilo neno wikendi ndilo linalonitia wasiwasi.

Nilifanya kazi kwenye banda moja ambako pumba zilitolewa Jumamosi jioni tu, wiki nzima iliyobaki ni nyasi na nafaka. Kulikuwa na jike mmoja wa kahawia, mpole, mlaji mzuri. Jumamosi moja alimaliza ndoo yake kama kawaida. Alfajiri nikamkuta anaparapara chini kwa kwato, anageuka kuangalia ubavu wake, mdomo wa juu ameukunja. Jasho shingoni na baridi ile ya Arusha! Nikaweka sikio ubavuni upande wa kulia, kimya, wakati pale huwa unasikia tumbo linanguruma. Mwenye banda akasema tungoje, atajamba atapona. Daktari alipofika jua lilishapanda. Akapitisha mpira puani hadi tumboni, kwa sababu farasi hawezi kutapika, kinachojaa kinabaki humo. Tulishinda naye mpaka usiku ndipo akatoa kinyesi. Alipona, lakini daktari alitueleza jambo ambalo sijalisahau: vijidudu vya utumbo mkubwa vimezoea chakula kile kile, ukivishtua kwa ndoo nzima ya kitu kigeni mara moja kwa wiki unatafuta msokoto wa tumbo. Kile kinyesi laini cha Jumapili ambacho watu hukisifia kwamba tumbo limesafishwa, ni utumbo uliokereka.

SaisiMkongwe: Pole, binti yangu. Lakini huyo jike alikuwa amekunywa maji? Mara nyingi kinachoua ni ukavu, pumba zinasingiziwa.

BintiUsaRiver: Mzee wangu, heshima yako, ndoo ya maji ilikuwa nusu. Ila siwezi kuziondolea pumba lawama.

DaktariWaKwato: Mzee ana hoja kuhusu maji. Farasi wa kilo 450 hadi 500 anahitaji lita 25 hadi 40 kwa siku hata bila kutoka jasho, na usiku wa Nanyuki maji yakiwa baridi wengi hunywa kidogo. Faida kubwa ya uji wa vuguvugu ni yale maji na chumvi iliyomo. Sasa, pumba za ngano zina fosforasi mara nane hivi ya kalisi (kalsiamu). Ukizitoa kwa wingi kila siku bila kusawazisha, mwili unachota kalisi kwenye mifupa, na uso wa farasi huanza kuvimba. Lusini ina kalisi nyingi, na ukimpa kidogo kidogo kila siku haitakuwa ngeni siku ya safari. Iloweke mpaka ivunjike yote, tembe kavu zinaweza kumkaba kooni.

Zamani pumba zilitolewa mkesha wa siku ya mapumziko ili misuli isikakamae kazi ikianza tena. Kilichosaidia hasa ni kwamba usiku huo nafaka ilipunguzwa.

Mswahili_Muscat: Huku tunatumia shayiri na tende. Kitani ukikitumia, kichemshe hasa, usikiloweke tu, kina sumu inayoondolewa kwa moto. Na kiangazi chetu uji ukikaa kidogo umeshachacha, mwage. Mleta mada, akirudi na joto unamnywesha mara moja au unangoja?

SaisiMkongwe: Angoje apoe! Maji baridi kwa farasi mwenye joto ni hatari.

DaktariWaKwato: Hapana, mzee. Mpeni maji. Hata kummwagia maji baridi mwilini ni salama, utafiti uliofanywa kwa ajili ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ulithibitisha kwamba kunampoza haraka.

SaisiMkongwe: Nimelea farasi maisha yangu yote na sikuwahi kufanya hivyo.

Mpanda_Mlima: Nashukuruni. Nafikiria lusini, ila bei yake... Pumba nusu na lusini nusu je?

PundaWaLamu: Samahani kuingilia. Punda wangu mzee anatema mabonge ya nyasi aliyotafuna nusu. Hiyo lusini itamfaa?

DaktariWaKwato: Huyo ni meno, ndugu. Mpeleke kwenye kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, hapo Lamu, wapo tangu 1987. Lusini usimzidishie, punda hunenepa upesi na kwato zikaumia. Kwa sasa mkatie nyasi fupi fupi, uzilowanishe.

PundaWaLamu: Ahsante. Na pumba za mahindi?